Nywele Tumboni mwa Ngwilizi

Pua ilinusa kinyesi cha mnyama kwa dakika kumi na nne. Kisha ikasema, kwa ile sauti yake ya kike isiyojua haya, kwamba nywele zilizomo ndani ni za Daktari Nuriati Hatibu Shemboza, mwanamke, miaka arobaini na mitatu, mkazi wa Tanga, mtumishi wa Idara.

Bwana Magesa alicheka mpaka chai ikampalia. Yeye ndiye afisa wanyamapori aliyepewa Nuriati kwa kazi hii, mtu wa Mara mwenye kifua kipana, na kwa siku mbili tangu Nuriati afike walikuwa wakila sinia moja na kunywa chai ya birika moja katika ghala hili la zamani la pembejeo.

"Haya, Daktari! Umeliwa lini bila kutuaga? Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Nuriati hakucheka. Mtaalamu wa miaka kumi na minane kukutwa amechafua sampuli kwa nywele zake mwenyewe ni kama mpishi wa harusi kukutwa ameunguza pilau mbele ya wakwe. Pua haikuwa chombo cha kubahatisha. Ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelikumbuka, na umbo lake halikuzidi jiko la mafuta, lakini ukiipa unywele, mate au kinyesi, ilikwambia ni mnyama gani, ana umri gani, amekula nini na lini. Ikikuta alama ya binadamu ililiuliza Daftari la Damu, ambamo kila raia aliandikwa siku alipochukua kitambulisho.

Kwa Pua hiyo Nuriati alikuwa amekwisha kuyavua nguo mazimwi kumi na moja. Joka la bwawa la Chitope lilikuwa kambare mzee aliyefuga masharubu kama karani wa zamani. Yule mtu-simba aliyewafungia watu wa Mbweria majumbani miezi miwili alikuwa simba kweli, ila mwenye jino bovu, asiyeweza kutafuna kitu kigumu kuliko binadamu. Zimwi la kumi na mbili lilikuwa Ngwilizi wa msitu wa Hemtindi, mwenye nundu mgongoni na kicheko cha mwanamke. Hili Nuriati alilitaka kuliko yote. Alikuwa amezaliwa hapahapa Kwehoza, chini ya msitu huo, na alipokuwa na miaka saba Ngwilizi alimla pacha wake.

"Rudia," alisema. "Safari hii tia wewe. Na utie ule mfuko wako."

Magesa aliuleta mfuko wa pili. Huo aliuokota mwenyewe penye jiwe la mpakani, akaufunga na kuupiga mhuri siku nne kabla Nuriati hajatia mguu Kwehoza. Nuriati akatoka nje, akasimama kwenye jua hatua kumi kutoka mlangoni, nywele kazifunga kwa mfuko wa plastiki.

Dakika kumi na nne zilipita. Pua ikasoma: kinyesi cha fisi madoa, jike, miaka tisa. Ndani yake mifupa ya mbuzi na mafuta ya mbuzi. Nywele za binadamu zilezile za Daktari Nuriati Hatibu Shemboza, zimekatwa kwa wembe, hazikung'olewa. Zina siku kumi na tisa tangu zikatwe. Mvi, moja katika kila tano. Hakuna rangi, hakuna dawa.

Magesa aliweka kikombe chini. Sasa hakukuwa na cha kuchekwa.

Nuriati aliingia akajishika kichwa. Nywele zake alizilainisha kwa dawa tangu chuo, na tangu afikishe miaka thelathini na mitano alizipaka piko kila mwezi kwa sababu mvi zilikuwa zimemwahi. Kichwani mwake hapakuwa na unywele hata mmoja usio na dawa. Na siku kumi na tisa zilizopita alikuwa Tanga mjini, kwenye kikao cha bajeti, akisinzia.

"Imeharibika," Magesa alisema. "Na hii ikiharibika inaua. Unakijua kifungu cha tisa."

Alikijua. Mnyama akikutwa na binadamu tumboni, huyo ni mla watu. Kwenye uwanja wa ghala yalikuwa masanduku kumi na mawili, na ndani ya kila sanduku tai mmoja wa chuma asiye na rubani. Matokeo yakifika makao makuu, tai huamka wenyewe, hupekua msitu mti kwa mti, na hupiga kila chenye joto la mwili na uzito uliozidi wa mbuzi. Hawaulizi jina.

"Nitatuma matokeo saa kumi jioni," ilisema Pua. "Mtaalamu anaweza kusahihisha kabla ya hapo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu asubuhi.

"Sikiliza, dada'angu," Magesa alisema kwa upole. "Sahihisha tu. Andika sampuli imechafuka, mtaalamu alishika bila glavu. Watakusema wiki moja, watasahau. Fisi watapona, na mimi kesho nikamwone mjukuu wangu Nyamisi. Ana miezi minane, ameota meno mawili, na hajawahi kuniona." Alipiga mfuko wa shati palipokuwa na picha ya mtoto. "Naenda barabarani kununua samaki. Nikirudi nikute umeshaandika."

Pikipiki yake iliposhuka mteremko, Nuriati alikuwa bado amesimama palepale. Mashine haikuharibika. Duniani wapo watu wa aina moja tu wawezao kushirikiana damu mpaka Daftari lishindwe kuwatenganisha, nao ni mapacha wa yai moja. Na maiti hanyolewi kwa wembe baada ya miaka thelathini na sita.

*

Kwehoza kulikuwa na desturi. Aliyechukuliwa na Ngwilizi hatafutwi, hawekewi matanga, na jina lake halitajwi tena. Lakini mama yake Nuriati watu waliendelea kumwita Mama Pacha, mpaka leo, na Nuriati hakuwahi kujiuliza kwa nini. Aliona ni mazoea. Kila Idi alimletea doti ya kanga, na kila Idi mama alivaa kipande kimoja tu. Cha pili alisema anakitunza kwa siku ya kufa kwake. Mtu aliyefumbua mazimwi kumi na moja hakuwahi kuhesabu kanga za mama yake.

Alimkuta uani anapukuchua maharage.

"Onga mshi, mwanangu," mama alimsalimu kwa kilugha. "Mbona unahema?"

"Mama, Mboni yuko wapi?"

Jina hilo lilikuwa halijasikika katika ua ule tangu Nuriati ang'oke meno ya utoto. Mama Pacha hakuinua kichwa. Alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu, maharage yakigonga ungo. Kisha vidole vikasimama.

"Umekuja kwa kazi yako, au umekuja kwa mwanangu?"

Mpaka dakika ile sehemu fulani ya moyo wa Nuriati ilikuwa inaomba mashine iwe mbovu. Aliketi chini kwenye maganda.

"Kazi itaanza kuua saa kumi, mama. Wakienda tai, hawatabakiza kitu."

Ndipo mama akasema, huku akitazama ungo.

"Mlikuwa na miaka saba homa ya ganzi ilipoingia. Unaikumbuka? Mtu analala mzima, anaamka miguu haipo, siku ya nne kifua nacho hakipo. Wakasema wako watoto wanaobeba kidudu puani bila kuugua, na hao ndio wanaowamaliza wenzao. Wakaja shuleni kwenu na vijiti vya pamba. Jioni mwalimu akaniletea cheti chako, safi, na karatasi ya Mboni. Mboni ni mbebaji. Gari litamfuata Ijumaa."

"Kumpeleka Kituo cha wabebaji."

"Kisiwani huko, ndiyo. Mwaka wa kwanza watoto wa Makuyu walituma barua. Mwaka wa pili hazikuja. Chanjo ikapatikana, watu wazima wote wakachanjwa, homa ikasahaulika. Wale watoto je, kuna aliyewarudisha? Ile sheria kuna aliyeifuta?"

Sheria ilikuwapo bado, na Nuriati aliijua namba yake. Aliijua na sababu yake: chanjo haishiki mwilini mwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

"Basi babu yenu akanikumbusha kazi ya Ngwilizi," mama aliendelea. "Ninyi wa mjini mnadhani ni hadithi ya kutishia watoto. Wakati wa Wajerumani watu wetu walikamatwa kupelekwa mashambani, hawarudi. Aliyeweza kukimbia alikimbilia Hemtindi. Askari wakaja na bunduki. Wazee wakafanya nini? Walimnyoa yule mkimbizi, nywele wakazikanda na mafuta ya mbuzi, wakaziweka juu ya jiwe la mpakani. Fisi ana tamaa, humeza vyote. Lakini tumbo lake linasaga mfupa, unywele haliuwezi. Kesho yake ameutapika njiani, tonge zima la nywele za mtu, na zilizobaki hutoka na kinyesi. Askari akiliona, anarudi kuandika: ameliwa. Hatafuti tena."

Nuriati alitaka kucheka na alitaka kulia. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wamewadanganya askari wa Kaiza kwa mafuta ya mbuzi, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mashine ya serikali ilikuwa imeingia mtego uleule, miguu yote miwili.

"Nundu, kicheko cha kike..."

"Fisi ana mgongo wa kuteremka, na fisi anacheka. Mengine tuliongeza sisi. Zimwi lisilokuzwa halilindi mtu."

"Na Mboni ananyoa mpaka leo?"

"Kila mwezi, tangu wapanda milima waanze kupita kule, ili waogope kuingia ndani. Kule ndani walikuwa wanne waliojificha, kila mmoja na lake. Wengine wote wamekufa, kabaki peke yake." Mama alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Baba yako ndiye aliyembeba mgongoni usiku ule. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Alikuwa anakwenda kumwona, basi akakipata kule. Sikumlaumu mtoto. Hakujitakia."

Aliinuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga nyekundu, kipya, hakijafuliwa. Kipande cha pili cha doti hiyo mama alikuwa kakivaa kiunoni.

"Mpelekee. Alisema safari hii anataka nyekundu."

*

Njia ya kwenda kwenye jiwe ilikuwa saa moja ya kupanda. Nuriati alikuwa na vijiti viwili vya pamba mfukoni. Hoja yake ilikuwa rahisi: miaka ni mingi, huenda kidudu kimekufa chenyewe. Akimpima Mboni na Mboni akawa safi, ataandika ukweli wote, tai watabaki masandukuni na dada yake atashuka nyumbani. Kijiti cha pili alikichukua kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa Pua hudai kipimo cha mtu anayejulikana kuwa safi ili ilinganishe. Ndivyo walivyofundishwa.

Jiwe lilikuwa bapa, limelambwa mpaka likang'aa. Kando yake fisi jike alikuwa amelala ubavu kama mbwa wa mtu, akamfungulia Nuriati jicho moja, akalifunga.

"Umenenepa," ilisema sauti nyuma yake.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Nuriati aligeuka, akauona uso wake umesimama kati ya miti: mashavu yake, kovu dogo la nyusi walilolipata pamoja siku moja kwa kugongana vichwa, lakini mweusi kuliko yeye, mkavu, kichwa kimenyolewa. Alikuwa amevaa kanga ya Idi iliyopita. Nuriati alifungua kinywa, halafu akainama akatapika chai yote ya asubuhi kwenye majani.

Mboni alingoja amalize. "Na ukinenepa unatapika," alisema. "Keti. Mama huniambia habari zako zote. Kumbe ndiye wewe unayewinda fisi wangu?"

Hawakukumbatiana. Walikaa pande mbili za jiwe wakitazamana, na kila mmoja alipoinua mkono kujifuta machozi mwenzake naye alikuwa ameinua. Nuriati alieleza mambo ya Pua, ya tai, ya saa kumi. Mboni alisikiliza huku akipapasa kanga nyekundu, akiinusa.

"Basi sema nywele ni zako," alisema. "Nusu ni kweli."

"Hapana. Nataka kukupima. Huenda kidudu kimekufa."

Mboni aliiweka kanga magotini.

"Kwa hiyo kweli hukumbuki," alisema. "Miaka yote nilidhani unajisahaulisha. Siku ya vijiti, Nuriati, ulikuwa umevaa gauni gani?"

"La kijani. Mama alinishonea la kijani na wewe la njano, ili mwalimu..."

Aliliona gauni la njano, si mwilini mwa Mboni, bali chini ya kidevu chake mwenyewe, na vifungo vyake vitatu vyeupe. Alikumbuka nyuma ya choo cha shule, yeye akilia kwamba la njano ndilo zuri, na Mboni akilivua bila neno. Alikumbuka mwalimu akimwambia yule mtu wa koti jeupe, huyu wa njano ndiye Mboni, na yeye akiitika abee, akiwa na furaha kwamba wamewadanganya tena.

"Hapana," alisema.

"Jioni mama alilia kwamba wamempata Mboni. Nilitaka kusema. Nikakutazama, ulikuwa umeshalala, unanyonya kidole. Wewe ulikuwa unaogopa giza. Mimi sikuwa naogopa. Nilidhani ni wiki mbili, tatu."

"Mboni, hapana."

"Usinifanye mtakatifu. Baadaye nilikuchukia. Miaka mitano nilikuchukia kila asubuhi, halafu nikachoka, maana chuki nayo inataka kulishwa."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Baba alikuwa amekufa. Ningemwambia nini? Kwamba kidudu kilichomuua mumewe kinalala naye kitanda kimoja, na kwamba aliyekibeba ndiye mtoto pekee aliyebaki mikononi mwake?"

Nuriati alikiona cheti chake safi, kile alichokwenda nacho bweni, chuoni, kazini, chumba hiki na kile, miaka yote iliyotangulia chanjo, na akaanza kuwakumbuka watu. Hakuweza kumaliza.

Akakitoa kijiti cha kwanza. Mboni aliinua pua bila kubisha, kama mtoto anayefutwa kamasi. Cha pili Nuriati alijitia mwenyewe, mpaka machozi yakamtoka.

"Ukirudi huko," Mboni alisema, "andika sampuli imechafuka. Mimi nimeshazoea."

"Hakuna unachokitaka?"

Mboni alifikiri. Fisi aliinuka, akajinyoosha, akaja kulaza kichwa karibu na mguu wake.

"Nataka kukaa na mama mchana," alisema, "mlango ukiwa wazi."

*

Saa tisa na robo Nuriati alivitia vijiti ndani ya Pua. Mlango wa ghala alikuwa ameufunga kwa ndani kwa komeo.

"Kijiti cha kwanza," ilisema Pua. "Safi. Hakuna dalili kwamba mtu huyu amewahi kubeba kidudu chochote cha homa ya ganzi. Kijiti cha pili: kidudu cha homa ya ganzi kipo, kiko hai. Mtu huyu ni mbebaji. Je, unataka kusahihisha matokeo ya asubuhi?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa maneno mawili. Akisema sampuli imechafuka, hakuna tai atakayeruka. Mboni angebaki msituni alikozoea, mama angeendelea kugawa doti, na yeye angerudi Tanga na cheti chake safi, na nani angejua? Chanjo ipo. Watu wazima wote wamekingwa. Angeweza kuishi peke yake, akawakwepa watoto, asimwambie mtu. Kwa dakika tano nzima Nuriati aliitaka njia hiyo kwa moyo wake wote, na tusimwonee: nani asingeitaka?

Kisha akasikia pikipiki.

Kupitia wavu wa dirisha alimwona Magesa anashuka na mfuko wa samaki mkono mmoja, na mkono wa pili kitu kidogo cha rangi, njuga ya plastiki ya kuchezea mtoto. Aliitikisa mwenyewe, akatabasamu peke yake. Nuriati aliiona sinia ya jana ikiwa bado mezani, na alama za vidole vyao wawili kwenye ugali uliobaki.

"Sahihisha," aliiambia Pua, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko alivyotegemea. "Nywele ni za Mboni Hatibu Shemboza, pacha wangu, aliye hai. Hakuliwa. Hajawahi kubeba kidudu. Aliyepimwa kwa jina lake ni mimi. Ngwilizi ni fisi madoa wa kawaida, aliyelishwa nywele na watu kwa makusudi ili wanaotafutwa waonekane wamekufa. Mbebaji ni Nuriati."

"Mtu yu hai," ilisema Pua. "Kifungu cha tisa hakihusiki. Nimekijulisha Kituo kuhusu mbebaji."

Iliyasema yote mawili kwa sauti ileile.

Magesa alisukuma mlango. "Daktari! Mbona umejifungia? Sato, dada, wawili, wanene..."

"Usiingie, kaka Magesa. Rudi nyuma. Rudi mpaka kwenye pikipiki."

Alimwambia kupitia dirisha, bila kuzungusha maneno. Alimtazama uso ukibadilika kidogokidogo, kwanza akingoja mzaha, halafu akiukosa. Magesa aliitazama mikono yake. Aliifuta kwenye suruali, akaitazama tena.

"Tumekula pamoja siku mbili."

"Najua."

"Nimekunywa kikombe chako. Mtoto ana miezi minane, Nuriati!"

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia kabla hujaenda. Wewe hutaugua, lakini unaweza kumpelekea. Siku ishirini na moja usimguse. Ukipimwa ukiwa safi, nenda ukambebe."

Magesa alitukana kwa lugha ya kwao, tusi refu lililoanzia tumboni. Alimpa mgongo. Alitembea mpaka kwenye masanduku, akakaa juu ya mojawapo, njuga mkononi. Hatimaye akainuka, akachora mstari mavumbini kwa kisigino cha buti, hatua kumi kutoka dirishani.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Mimi ndiye niliyekufundisha asubuhi namna ya kunyamaza." Alitikisa kichwa. "Wanakuja lini?"

"Kesho asubuhi. Nenda kwa mama, simama mbali, mwambie Mboni ashuke, naye apate chanjo. Mwambie... hapana, hilo la gauni Mboni atamwambia mwenyewe. Au asimwambie."

Jua lilikuwa limeanza kugusa kilele cha Hemtindi walipotokea barabarani. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka nje. Mwanamke mmoja alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama Pacha alikuwa mbele, goti linamsumbua, na nyuma yake mwanamke aliyenyolewa, wote wawili wakiwa na kanga nyekundu, vipande viwili vya doti moja. Kutoka dirishani Nuriati aliweza kuiona nyumba yao, na mlango wake uliokuwa wazi kabisa.

Mama alitaka kupita mstari. Mboni alimshika mkono, akamketisha kwenye sanduku la tai karibu na Magesa, kisha akasogea peke yake mpaka vidole vya miguu vikagusa alama ya buti.

"Wamesema wanakuchukua kesho," alisema.

"Ndiyo."

"Huko kisiwani kuna taa?"

"Sijui."

Mboni alikaa chini palepale kwenye mstari, akajifunika kanga mabegani.

"Bado unaogopa giza?"

Nuriati aliegemeza paji la uso kwenye wavu. Mtaalamu wa miaka kumi na minane, mwenye mazimwi kumi na mawili, alitikisa kichwa kusema hapana. Halafu akaona aibu kumdanganya mtu mwenye uso wake.

"Bado," alisema.

"Basi niko hapa," Mboni alisema. "Lala."